Bakuli la Sitini na Moja

Bi Kurwa aliyahesabu mabakuli mara tatu, na mara zote tatu yalikuwa kumi na manane. Mara ya nne hasira zilikuwa zimeshampanda, akayahesabu kwa sauti kama anayasomea makosa yake barazani, na bado yakawa kumi na manane.

"Ulitoa sitini," alisema Katibu wa kamati ya kanisa, amesimama mlangoni mwa jiko, mikono nyuma. "Si nilikuambia, Bi Kurwa? Tununue vile vyombo vya kutupa. Mtu anakula, anatupa, yamekwisha. Wewe ukataka kauri. Haya, watu wamekula wali, na bakuli wamelila."

"Watu wa Unguja si wezi!"

"Sijasema wezi. Nimesema mabakuli hayapo."

Na kweli hayakuwapo. Hayo mabakuli yalikuwa yake mwenyewe Bi Kurwa, meupe, yenye mstari wa buluu na vifuniko vyake, amepewa siku alipostaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kupika kwenye hoteli moja ya Bwejuu. Wengine hupewa saa ya ukutani. Yeye alipewa mabakuli sitini, akayaleta mjini kwenye kanisa lao dogo la kichochoroni, lile ambalo mgeni hulipita mara mbili kabla hajaliona, na hapo ndipo lilipoanzia Jiko la Jumamosi. Wanawake kumi wa kujitolea, sufuria tatu, na chakula cha bure kwa kila nyumba yenye dhiki, awe mwenyewe anasali kanisani au msikitini. Nyama alichinja Mzee Ubwa wa buchani, alhaji kamili, ili asiwepo wa kusitasita. Hilo lilikwisha siku ya kwanza, wala hakuna aliyelirudia.

Foleni Bi Kurwa aliikataa katakata. "Mtu mzima asimame njiani kashika sahani, watoto wa jirani wampite wakimtazama? Mimi sitaki!" Chakula kikawa kinakwenda majumbani, ndani ya bakuli zuri limefunikwa, kama jirani anavyompelekea jirani mwenzake. Jumamosi hii unapeleka lililojaa, Jumamosi ijayo unachukua lile tupu. Hesabu rahisi hata kwa mtoto. Na mwezi wa kwanza ilikwenda vizuri hasa.

Kisha mabakuli yakaanza kutorudi. Na kibaya zaidi, chakula kikaanza kukataliwa. "Nshakula, ahsanteni." "Leo tumeshiba, wapeni wengine." Jumamosi mbili mfululizo sufuria zilibaki nusu, wanawake wakagawana wali wakaenda nao makwao.

"Kamati inakaa Jumapili ya wiki ijayo baada ya misa," alisema Katibu. Alikuwa mtu wa bara, mwema wa roho, ila mkavu wa maneno. "Wanasema kama watu wameshiba, jiko lifungwe. Na mimi sina la kuwajibu."

Bi Kurwa alivua aproni akaitupa mezani. "Jumamosi ijayo, kabla ya adhuhuri, mabakuli yote sitini yatakuwa juu ya meza hii. Likipungua moja, ufunguo wa jiko huu hapa, nakukabidhi mwenyewe."

Mdomo huo! Alipofika nyumbani Kiembe Samaki akakaa chini ya feni anajuta. Hakuwa na hata fununu yaliko.

Jumatatu asubuhi akaingia mjini kuyatafuta. Alianza kwa Mzee Mabrouk, fundi cherehani wa zamani, ambaye siku hizi cherehani yake hukaa imefunikwa kitambaa kwa kukosa kazi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Bi Kurwa. Habari za Jumamosi?"

"Njema. Mbona juzi ulikirudisha chakula?"

"Nlikuwa nshakula, mama. Nimeshiba hivi!" Akajipiga tumboni, na kanzu ikaingia ndani kama shuka iliyoanikwa.

"Na mabakuli?"

"Yapo, yapo. Ntayaleta mwenyewe."

Nyumba ya pili, yapo, ntayaleta. Nyumba ya tatu, yapo. Mariambai, mjane wa Kihindi aliyebaki peke yake ghorofani baada ya watoto wake wote kuhamia ng'ambo, hakuteremka hata ngazi. Alichungulia dirishani, akasema yapo, akafunga dirisha. Nyumba kumi na moja Bi Kurwa alipita, na hakuna hata mmoja aliyemwambia karibu ndani. Unguja hii, ambako mtu hukaribishwa hata na asiyemjua jina! Akaanza kuona aibu, na nyuma ya aibu akaja shetani mwenye sauti ya Katibu: pengine wameyauza, Kurwa. Pengine wewe ndiye mjinga.

Nyumba ya kumi na mbili ilikuwa ya Bi Rukaiya, na hapo aliingia bila ya kungoja kukaribishwa. Bi Rukaiya ndiye aliyempokea Kurwa alipokuja mtaani bibi harusi, msichana wa miaka ishirini asiyejua hata kukuna nazi. Alimfundisha wali, alimfundisha mchuzi, akamzalisha na mtoto wa kwanza. Kitu kimoja tu hakumfundisha, achari yake ya ndimu. Ile achari ilikuwa siri yake, na zama zile hapakuwa na harusi mtaani iliyosemwa imefana bila ya hiyo achari kuwekwa pembeni mwa sinia.

"Hodi, Bi Rukaiya! Mwanao nimekuja."

"Karibu, mwanangu. Kaa hapo hapo ukumbini, nikuletee maji."

Bibi akainuka. Akashika mlango, akaushika tena kwa mkono wa pili, kisha miguu ikamwachia. Bi Kurwa alimdaka kabla hajafika sakafuni, na kilichomstua ni wepesi wake. Alikuwa mwepesi kama kapu lisilo na kitu.

Akamlaza mkekani, akakimbilia chumbani kutafuta mto. Na mle chumbani, juu ya rafu, yalikuwapo mabakuli matano. Yameoshwa yakang'aa, vifuniko juu yake, yamepangwa kwa mstari na kufunikwa leso nyeupe ya kutarizi. Pembeni yake kopo la sukari, kifuniko wazi, ndani hamna hata chembe.

"Bi Rukaiya," aliita kutoka kule kule, "mabakuli haya mbona hukuyarudisha?"

Kisha sauti ndogo ikatoka ukumbini. "Ntayarudishaje matupu?"

Bi Kurwa alihisi kama amepigwa kofi.

"Tangu nijue kusimama jikoni," aliendelea bibi, macho darini, "chombo cha mtu hakijatoka kwangu kitupu. Mama yangu alikuwa akikosa kabisa hutia hata chumvi. La kwanza ulilonletea nlilirudisha na visheti. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"La pili nikalitia sukari. La tatu nikatia mayai, kuku wa Tahiya hapo jirani, alinipa mawili. La nne sikuwa na kitu. Nikasema, ngoja wiki ijayo. Wiki ijayo mkaja na jengine. Yakawa mawili, yakawa matatu. Sasa nikisikia sauti zenu kichochoroni nazima redio, nakaa kimya kama sipo. Bakuli la sita ntaliweka wapi, mwanangu? Nna macho ya kukutazama nayo?"

Ee Mungu wangu! Yakamjia yote kwa pamoja. Mwezi wa kwanza mabakuli yalirudi na vitu kweli, tende tatu, ndizi mbili, kipande cha boga, sukari imefungwa kwenye karatasi. Na wao wanawake wa Jiko walifurahi wakasema ni neema, wakaviweka mezani wakanywea chai! Sukari ile ya mwisho ya Bi Rukaiya, yeye Kurwa kwa mkono wake alitia vijiko vitatu kwenye kikombe chake. Alikuwa na njaa nani, na alikuwa akimlisha nani?

Na ati kazaliwa Unguja. Miaka ishirini na sita hotelini, ambako sahani hurudi tupu kwa maelfu na kazi yako ni kuziosha tu, ilikuwa imemsahaulisha jambo analolijua kila mtoto anayetumwa kwa jirani. Aliwapelekea watu chombo kizuri ili awaheshimu, na kila Jumamosi akawa anawatwika mzigo mwengine juu ya ule wa njaa. Nyumba zote zile za yapo, ntayaleta, zilikuwa na rafu kama hii.

Alilia. Kisha akajifuta kwa ukaya wake wa kichwani, akashuka dukani, akarudi na unga na maziwa.

"Sili," alisema Bi Rukaiya. "Nshasema, sitaki bakuli jengine."

"Bakuli liko wapi? Sufuria yako, mwiko wako, kikombe chako chenye ufa nakijua tangu enzi. Humu hamna chombo cha mtu. Fungua kinywa, bibi, usinitie wazimu!"

Bi Rukaiya akacheka licha ya nafsi yake, akanywa uji. Vikombe viwili vizima, na cha tatu nusu.

Njia nzima ya kurudi, Bi Kurwa aliyawaza maneno ya Katibu. Vyombo vya kutupa vingemaliza mambo, hilo hakulikataa. Hakuna cha kurudisha, hakuna deni, hakuna aibu. Lakini moyo ulimkataa. Ukimpa mtu chombo cha kutupa umeshamwambia kwamba kutoka kwake hutaraji kitu tena mpaka anakufa. Bi Rukaiya atakula, ndiyo, na atakuwa si jirani tena, atakuwa mtu wa kupewa. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Basi hawa moyo wanao, tele. Alichowanyima yeye ni nafasi.

Jumanne akarudi mtaani, na safari hii hakwenda kuuliza mabakuli. Alikwenda kuomba.

"Mzee Mabrouk, nna shida. Vitambaa vyetu vya jikoni pindo zimefumuka zote, na mafundi wa sasa hawajui kushona. Jumamosi kuna shughuli. Utanisaidia?"

Mzee Mabrouk alimtazama. Kisha akainuka, akaondoa kitambaa juu ya cherehani, akapuliza vumbi. "Nipe. Na uzi ninao wangu."

Kwa Mariambai alisimama chini ya dirisha akapiga kelele mpaka likafunguliwa. "Nimeleta iliki na mdalasini, Mariambai, na kule kwetu hamna anayejua kipimo cha pilau kama wewe! Wanatwanga kama wanaponda kokoto!" Kisha kapu likateremka kwa kamba, likapanda na viungo, na Mariambai akaanza kumfokea kutoka juu kwamba mdalasini ule haukukaangwa, nani kamfundisha kazi. Bi Kurwa alifurahi kufokewa kuliko kubusiwa.

Mwenye mrehani dirishani aliombwa mrehani. Mwenye mpilipili kwenye debe aliombwa pilipili. Asiye na kitu kabisa aliombwa mikono, aje akune nazi, achague mchele. Nani Unguja aliyewahi kuitwa kwenye shughuli akasema siji? Milango ile ile ya juzi sasa ilimwambia karibu ndani. Na kila mahali alimaliza kwa maneno mamoja. "Kitu changu nakitaka ndani ya bakuli."

Kwa Bi Rukaiya alifika na kapu la ndimu kutoka mndimu wa uani kwake. "Hizi zinaniozea. Mkono wa kuzitia achari sina, na mwenye mkono anajijua."

Bi Rukaiya alizigusa ndimu moja moja. "Ndimu zako. Chumvi yako. Langu liko wapi? Mkono mtupu haulambwi, mwanangu."

"Wako haujapata kuwa mtupu. Nusu ya mji huu waliulamba harusini kwao, na mimi mmoja wao."

Bibi akainua uso, na Bi Kurwa akauona ule ukali wa zamani uliokuwa ukimtisha alipokuwa bibi harusi. "Toka basi. Achari yangu haitengenezwi mtu akitazama."

Jumamosi ikafika. Saa tatu asubuhi kumi na manane yale yalikuwa juu ya meza uani mwa kanisa, na nafasi ya arubaini na mawili imeachwa wazi. Katibu alikuja mapema akakaa kitini. Saa tatu na nusu, hamna mtu. Saa nne, paka kaingia, katoka. Wanawake wa Jiko walikoroga sufuria bila ya kusemezana, na Bi Kurwa, macho langoni, akatia chumvi mara mbili bila ya kujijua.

"Bi Kurwa," alisema Katibu kwa upole, na upole ule ulimuuma kuliko maneno yake makavu, "ulijitahidi. Si kosa lako."

"Adhuhuri haijafika!"

Na kweli ilikuwa haijafika. Saa nne na robo Mzee Mabrouk alitokeza langoni, kanzu imepigwa pasi, kofia mpya kichwani, amebeba mabakuli matatu yaliyopandana kama anabeba mahari. Aliyaweka mezani, akafunua la juu mwenyewe. Vitambaa vya jikoni vilikunjwa humo vidogo vidogo, pindo zimenyooka. Nyuma yake akaja mama mwenye mrehani. Nyuma yake wawili wenye pilipili, wanabishana zipi kali. Kisha wakawa hawahesabiki, kutoka kila kichochoro, wengine na mbuzi za kukunia nazi kwapani, hodi, hodi, na ua ukajaa. Mariambai aliyekuwa hashuki ngazi mwaka mzima alishuka, kashika kila ukuta, na viungo vyake vilifunuliwa harufu ikazagaa ua mzima.

Katibu alisimama. Alianza kufunua vifuniko kimoja kimoja, na kila akifunua alitazama ndani muda mrefu zaidi. Asumini. Mchaichai. Mayai mawili. Bakuli moja lilikuwa na chumvi tu, kiganja kimoja, na mwenyewe alisimama kando yake kifua mbele.

"Walikuwa..." Katibu alimgeukia Bi Kurwa. "Walikuwa wakingoja wapate cha kutia?"

"Ndiyo, Katibu. Wezi wako hao."

Katibu alivua miwani akaifuta, na haikuwa na vumbi.

Saa tano na nusu yalikuwa hamsini na matano. Saa sita kasorobo, hamsini na matano. Matano hayakuwapo, na Bi Kurwa alijua ni ya nani. Hakuyafikiria mabakuli tena, wala ufunguo. Alimfikiria bibi mwepesi kama kapu, peke yake, na jua la siku nne juu ya paa akianika ndimu.

"Matano tu," alisema Katibu. "Tuyasamehe. Nani atauliza?"

"Nnakwenda kumtazama." Alikuwa tayari anafungua aproni pale langoni paliposikika kikohozi.

Bi Rukaiya aliingia kwa miguu yake. Buibui lake jeusi la siku kuu, hatua fupi fupi, mgongo wima. Tahiya, yule jirani yake wa mayai, alikuwa nyuma amebeba kapu. Mabakuli matano yakatolewa yakapangwa mezani, yote matano yamejaa achari ya ndimu, nyekundu, inang'aa mafuta. Wanawake watu wazima pale uani walioitambua ile harufu ya harusi zao walipiga vigelegele kabla hata ya kuambiwa.

"Sitini!" Katibu alipaza sauti kuliko alivyowahi kuipaza kanisani. "Sitini kamili!"

"Ngoja," alisema Bi Rukaiya.

Mkononi, chini ya buibui, alikuwa na bakuli jengine. La kijani, la zamani, mdomo umemeguka kidogo, limefunikwa leso nyeupe ya kutarizi. Alilinyoosha mbele kwa mikono miwili.

Katibu alilitazama, akababaika. "Bi, samahani. Hili si letu."

"Najua si lenu. Yale matano ni yenu, nimeyarudisha. Hili ni langu. Nimekuleteeni, majirani zangu."

Na Katibu yule, mtu wa bara, mkavu, alifanya jambo ambalo Bi Kurwa anampendea mpaka leo. Hakusema ahsante ya haraka haraka. Aliinama, akalipokea bakuli kwa mikono miwili, akauliza, "Tulirudishe lini, Bi?"

"Leo leo. Na lisirudi tupu!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Vigelegele vikapanda tena, mara hii vya wote, wa kanisani na wa mtaani, huwezi kujua kipi cha nani. Bi Kurwa alicheka huku analia, wala hakujificha. Alichukua ufunguo wa jiko kutoka mezani alikouweka tangu asubuhi, akautia kifuani kwake.

"Na kamati kesho?" aliuliza.

"Kamati niachie mimi," alisema Katibu. "Nitawapelekea achari."

Saa nane mchana, pilau limeshagawanywa, Katibu mwenyewe alilibeba lile bakuli la kijani mpaka kwa Bi Rukaiya, Bi Kurwa pembeni yake. Limejazwa likapandishwa mlima, nyama juu, na leso imefuliwa na kukunjwa. Bibi aliwangoja barazani, mlango wazi, redio inaimba. Alilipokea kama mtu anayepokea chake, akanawa, akatia mkono, akala. Alikula bila ya kumtazama mtu usoni na bila ya kuona haya, tonge baada ya tonge, mpaka mlima ule ukawa bonde. Bi Kurwa alikaa akamtazama, hana analolitaka tena duniani siku ile.

Kisha Bi Rukaiya akasita, tonge mkononi, akakunja uso.

"Kurwa. Chumvi umetia mara mbili."

"Nimetia mara mbili, Bi Rukaiya."

"Nlikufundisha nini mimi?" alisema bibi, akatia mkono tena.